Tofali la Kumi na Mbili

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni nina swali, na jibu la mtu aliyeamshwa silitaki. Mimi ni fundi wa kuchonga majina makaburini. Kazi yangu haina maneno mengi: naambiwa jina, nachonga, naondoka. Safari hii nimepewa majina matatu na nafasi ni moja.

Pembezoni mwa mji wa Tabora kuna mtaa unaitwa Matanuri. Zamani watu wake karibu wote walikuwa wafyatua matofali. Vita vya Kagera vilipoanza, vijana wa mtaa walipanda treni kwenda Mwanza, na kutoka huko wakaingia vitani. Familia kumi na moja zililetewa barua ya kifo. Maiti haikurudi hata moja. Basi watu wa Matanuri wakasema, kama hatuna makaburi, tutajenga mnara wetu, kwa udongo wetu. Mnara huo upo mpaka leo, na upo kwa sababu ya watu watatu.

Wa kwanza ni Bi Kalunde. Kipaji chake ni kukumbuka. Ukikutana naye mara moja, miaka kumi baadaye atakuita kwa jina lako, la baba yako na la babu yako. Siku ya kuandika matofali, barua nyingine zilikuwa zimeshaliwa na mchwa. Kalunde akakaa kwenye kigoda mbele ya udongo mbichi, akataja majina kamili, moja moja, watu wakaandika kwa msumari. Alipofika kumi na moja akaishia hapo. Mumewe, Yasini, alipanda treni ileile, lakini barua yake haikuja. Wakamwuliza, "Na Yasini je?" Akajibu, "Sijaambiwa amekufa. Nikimtaja hapa, nitakuwa nimemwua mimi." Hakukaa eda, na hakuolewa tena. Amezeeka si mke wa mtu wala si mjane, na kwenye shughuli za wanawake hajui akae na kina nani. Sijaona upweke mbaya kama huo.

Wa pili ni Mzee Sizya, ambaye sasa anakaribia miaka tisini. Kipaji chake ni moto. Alikuwa akinusa mlangoni mwa tanuri tu, anajua matofali yameiva au bado. Hayo ya mnara yalikuwa makubwa, kila moja kama mto wa kulalia, na matofali ya ukubwa ule hupasuka ovyo. Kwa hiyo alifyatua moja la ziada, tupu, kama mafundi wote wa Matanuri walivyozoea, maana kila tanuri lazima lipoteze angalau moja. Akalinda moto siku tano bila kuondoka. Safari hiyo halikupasuka hata moja. Wakapanga manne manne, safu tatu, na lile tupu likaziba nafasi ya mwisho.

Mwanawe, Ngasa, alirudi kutoka vitani akiwa na mikono yote na miguu yote. Watu wakampongeza baba yake. Ila Ngasa hakuwa akizungumza, na sufuria ikianguka jikoni aliingia chini ya kitanda. Aliishi hivyo miaka tisa, akafa. Sizya alipoomba jina la mwanawe liandikwe, wazee wa mtaa walimwambia mnara ni wa wasiorudi. "Na mimi ndicho ninachowaambia," akasema, "hakurudi." Mpaka leo mzee yule hufunga mlango wake taratibu sana, na mle ndani hakuna tena mtu wa kushtuka.

Wa tatu ni Bi Nyamizi. Kipaji chake ni kung'ang'ania, na wapo Matanuri wasioona kuwa hicho ni kipaji. Kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka thelathini amefagia pale na kufuta vumbi kwenye majina ya watoto wa wenzake. Kazi ya matofali ilipokufa na viwanja vikakatwa, likaja greda kuchonga barabara. Nyamizi akaegemeza mgongo kwenye mnara, akakaa. Dereva akamwambia, "Mama, ondoka, nina kazi." Naye akamwambia, "Hata mimi niko kazini." Siku tatu. Mwishowe wapima ardhi wakasogeza vigingi, na mpaka leo barabara inapinda pale bila sababu nyingine.

Kaka yake, Mihayo, alikuwa utingo kwenye lori lililowapelekea askari unga. Lori likakanyaga bomu. Wazee wakasema mnara ni wa askari, na utingo si askari. Nyamizi hana mume, hana mtoto, hana ndugu mwingine. Kaka yake yuko kichwani mwake tu.

Mwaka huu baraza la mtaa likaamua kuwashukuru hao watatu: tofali tupu lipewe mmoja wao, aandikwe mtu wake. Likashindwa kuchagua. Likaniita mimi. "Fundi, wewe si wa hapa," mwenyekiti akaniambia, "huna upande." Wajanja sana.

Najua mnachotaka kusema. Wafyatue mengine. Udongo ule sasa uko chini ya nyumba za watu, na mnara umekamilika, hauna pa kuongezea. Basi majina matatu kwenye tofali moja. Tofali lililochomwa halipendi tindo. Jina moja kamili litalistahimili, la pili litalivunja. Niligonga nikasikiliza, hii ndiyo kazi yangu.

Niliwakuta wale watatu asubuhi kwenye mkeka mmoja, mbele ya mnara. Miaka yote wamekuja pale kila mtu kwa saa yake, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kukaa pamoja.

"Tofali nimelichoma mimi," akasema Mzee Sizya. "Si kwa kujisifu. Nalijua tu."

"Mlichoma mkaondoka, baba," akasema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyebaki nalo. Na nyie watu wenu wanajulikana. Nikifa mimi, nani atajua kwamba Mihayo aliwahi kuzaliwa?"

Kalunde alikuwa akinitazama mikono. Akasema polepole, "Andika Yasini Kapaya Mrisho."

Jina hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake kwa miaka arobaini na kitu.

"Nimeshamtaja," akaniambia. "Siwezi kumrudisha tena, mwanangu."

Mzee Sizya akamgeukia, akasema, "Pole, mama, kwa msiba." Nyamizi naye akamshika mkono, akampa pole. Ndizo pole za kwanza Kalunde kupewa kwa ajili ya mumewe, na alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ileile. Nikadhani wenzake watamwachia. Mzee Sizya akasubiri mpaka alipotulia, kisha akaniambia, "Mwanangu ni Ngasa Sizya Lubasha." Na Nyamizi, bila kumwachia Kalunde mkono, akasema, "Mihayo Kasanda Igulu." Sikuweza kumlaumu yeyote.

Nikasingizia tindo langu ni butu, nikaomba siku mbili. Jumamosi narudi. Nitachonga jina moja, na wawili watanyanyuka kwenye mkeka ule, kila mmoja aende kwenye nyumba yake isiyo na mtu.

Aliyewakumbuka, aliyewachomea, aliyewalinda. Je, wewe ungeamua vipi? Nitajie jina. Na kama kwako ni rahisi, njoo ulichonge mwenyewe, huku wale wawili wanakutazama.