Mkanda wa Rupia Tatu

Hapo zamani, katika siku ambazo masultani walikwisha kuwaacha farasi na kuanza kupanda motokaa, palikuwa na mji uitwao Ndarakuu, na mtawala wake alikuwa Sultani Sabihi bin Muhdhari. Sultani huyu alikuwa na motokaa moja, nyeusi, ndefu, yenye viti vya ngozi, naye aliipenda kuliko watu wengi wa jumbani mwake. Alikuwa pia na Waziri, jina lake Haidari bin Mshangama, mtu nadhifu wa mavazi na mwepesi wa kusema, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza bei ya kila kitu kilichonunuliwa, toka ng'ombe wa sikukuu hata utambi wa taa.

Ikawa Jumatatu moja dereva akaingia barazani, akasema, "Seyyid, Ijumaa tunampeleka Binti Sultani kwa mumewe huko Mkambarani, mwendo wa kutwa nzima. Nami nimechungulia injini nikaona mkanda wa taimingi umefanya nyufa. Naogopa utakatika njiani."

Sultani akaamuru aitwe fundi. Fundi wa motokaa katika Ndarakuu alikuwa mmoja tu, Feruzi bin Tamimu. Akaja na sanduku lake la spana, akafungua boneti, akachungulia, akajifuta mikono, akarudi barazani.

"Dereva amesema kweli, Seyyid," akanena. "Mkanda huu ni wa mpira na una meno. Ndio unaoifanya sehemu ya juu ya injini iende sawasawa na sehemu ya chini. Ukikatika, vyuma vya juu vitagongana na vya chini, na hapo hutakuwa na injini tena, utakuwa na mzigo wa chuma."

"Basi ubadilishe. Bei yake nini?"

"Mkanda ni rupia tatu, Seyyid. Kazi ni rupia arobaini."

Waziri Haidari akacheka hata akashika mbavu. "Rupia arobaini! Kwa kuvalisha mkanda wa rupia tatu?"

"Bwana Waziri, mkanda umejificha. Mbele yake iko rejeta, iko feni, iko mikanda mingine miwili, iko puli kubwa, na juu ya vyote hivyo uko mfuniko wenye nati kumi na moja. Vyote vitoke, na vyote virudi. Na nikishafika kule ndani, itafaa nibadilishe pia gurudumu dogo la kuukazia mkanda, na pampu ya maji, kwani pampu imekaa nyuma ya mkanda huohuo. Hivyo viwili ni rupia kumi na mbili."

"Umesikia, Seyyid?" akasema Waziri. "Ameulizwa mkanda, anauza pampu. Kesho atauza na milango. Mimi mwenyewe nimeiona ile nafasi iliyo juu ya mfuniko. Kazi hii ni ya kupenyeza vidole viwili, kutoa cha zamani na kutia kipya."

Sultani, ambaye arusi ya bintiye ilikwisha kumgharimu sana, akakasirika. Akasema, "Sikiliza, Feruzi. Mkanda ubadilishwe kwa rupia tatu, wala kitu kingine kisiguswe. Sanduku lako la spana litabaki katika ghala yangu. Ikifika Alhamisi alasiri na mkanda haujabadilishwa, litauzwa mnadani."

Basi Feruzi akarudi kwake mikono mitupu. Sanduku lile ndilo lililokuwa shamba lake na duka lake. Spana zile alizinunua moja moja kwa muda wa miaka kumi na tisa, na bila ya hizo alikuwa mtu wa kubeba magunia bandarini. Nyumbani akamkuta shemeji yake, Mwinchande bin Kidundo, ameketi mkekani mbele ya sinia ya wali. Huyu Mwinchande hakuwa na kazi, wala duka, wala kanzu ya pili. Watu wa sokoni walimwita Chande Mkavu, lakini jina lake ni hilo la kwanza, na kwa hilo tutamwita.

"Shemeji, mbona umekuja bila sanduku?" akauliza Mwinchande. "Au leo umeamua kutembea kama muungwana?"

Feruzi akamsimulia yote. Mkewe akaanza kulia. Mwinchande akamaliza tonge, akanawa, akasema, "Kazi hii nipe mimi."

"Wewe! Wewe hujui hata boneti inafunguliwa upande gani."

"Sijui, na ndiyo maana nafaa. Wewe ukipewa amri ya kijinga utajaribu kuitimiza kwa akili. Mimi nitaitimiza kama ilivyo. Ila unifundishe jambo moja: vitu hivyo vinatoka kwa taratibu gani, na vinarudi kwa taratibu gani?"

"Utavikumbuka?"

"Shemeji, nimekula kwa watu miaka thelathini kwa kukumbuka nyumba ipi hupika nini siku ipi."

Wakakaa siku ile na siku ya pili, Feruzi akitaja na Mwinchande akirudia, mpaka mke wa Feruzi naye, dada yake Mwinchande, aliyekuwa akipepeta mchele, akaweza kuitaja injini yote kwa mpango wake.

Jumatano asubuhi Mwinchande akaenda barazani, akainama, akasema, "Seyyid, Fundi Feruzi ameshindwa na sharti lako. Mimi nimelikubali. Nitabadilisha mkanda kwa rupia tatu, wala sitagusa kitu kingine."

Waziri akamtazama Sultani kwa furaha. "Unaona? Hata Chande Mkavu anaweza."

"Mwinchande, Bwana Waziri. Mwinchande bin Kidundo. Na kwa kuwa mimi ni mtu mnyonge, naomba iandikwe, watu wasije wakasema nilizidisha."

Katibu akaandika: *Mwinchande bin Kidundo atabadilisha mkanda wa motokaa ya Sultani kwa rupia tatu, wala yeye wala fundi mwingine yeyote hatagusa kitu kingine chochote cha motokaa hiyo mpaka mkanda uwe umebadilishwa.* Sultani akapiga muhuri wake, na muhuri ule katika Ndarakuu ulikuwa haujapata kutanguliwa hata mara moja.

Hata Alhamisi, jua lilipopanda kidogo, Mwinchande akaingia uani mwa jumba amevaa kanzu yake iliyofuliwa, mkanda mpya umening'inia shingoni kama shada la arusi, na mkononi kachukua kiti. Akakiweka mbele ya motokaa, akaketi. Feruzi akasimama kando ya ukuta. Saa moja ikapita. Sultani akatoka na Waziri wake.

"Ewe Mwinchande, mbona umekaa?"

"Namngoja mkanda, Seyyid. Nimemwita hajatoka."

"Usinifanyie mzaha. Fungua mfuniko uutoe."

"Mfuniko si mkanda, Seyyid. Kuna muhuri."

"Basi Feruzi afungue."

"Naye ni fundi, Seyyid, ametajwa. Bila shaka waweza kuutangua muhuri wako. Lakini wenye hati za mashamba zilizopigwa muhuri huohuo wako pale langoni, wanatazama, na wakiona muhuri umetanguka kwa ajili ya nati..."

Sultani akageuka akawaona watu langoni, naye hakupenda hata kidogo walivyokuwa wakitazama. Akafikiri. "Nani basi si fundi?"

"Seyyid, kuna mtu alisema kazi hii ni ya vidole viwili. Na vidole hivyo havikukatazwa na hati."

Sultani akamgeukia Waziri wake taratibu. "Haidari, penyeza."

Waziri akakunja mkono wa joho, akainama, akapenyeza vidole viwili katika ile nafasi. Vikaingia. Havikutoka. Akavuta, akavuta, akatoka bila ya ngozi ya kifundo kimoja.

"Umeugusa?" akauliza Sultani.

"Nimeupapasa, Seyyid."

"Kupapasa hakutampeleka binti yangu Mkambarani. Leteni sanduku la spana kutoka ghalani. Mwinchande, mwambie la kufanya."

Basi Mwinchande akatulia kitini, akaanza kutaja kama alivyofundishwa. "Kwanza maji ya rejeta, Bwana Waziri. Kizibo kiko chini. Usikae mbele ya..." Lakini Waziri alikuwa amekwisha kukifungua, na maji yenye kutu yakamwingia kifuani.

"Sasa feni. Nati nne. Kushoto, Bwana Waziri. Kushoto kwako, si kwangu."

"Nimezungusha kushoto!"

"Hiyo ni spana umeizungusha. Nati imekaa palepale."

Kilemba kikaanguka katika grisi, joho likavuliwa. Ilipofika puli kubwa Waziri akapanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka, na watu wa langoni wakawaita watu wengine. Feruzi alikuwa amefumba macho kwa uchungu, kama mtu anayesikia mwanawe akipigwa. Alivumilia mpaka mfuniko ulipotoka na Waziri akaunyooshea mkono mkanda.

"Alama!" akapiga kelele. "Bwana Waziri, kwanza puli za juu na ya chini zielekee alama zake! Ukiutoa hivi hivi taimingi itapotea!"

Waziri akarudisha mkono kana kwamba ameungua. Zikatafutwa alama, zikaelekezwa, na ikawa adhuhuri.

Baada ya sala Mwinchande akamwagiza Waziri alegeze lile gurudumu la kukazia. Kisha akainuka kitini kwa mara ya kwanza, akautoa mkanda wa zamani kwa vidole viwili, akaukunja, akauweka mfukoni. Akachungulia ndani.

"Nyuma hapa naona pampu inatiririsha maji," akasema. "Na gurudumu hili linalia. Lakini hayo si mkanda. Nitie mkanda mpya, Bwana Waziri ufunge."

"Nifunge?" akasema Waziri. Alikuwa ameketi chini, mikono myeusi hata viwikoni. "Na pampu ikifa?"

"Itakufa mwezi ujao au wa pili. Hapo utafungua tena. Rejeta, feni, mikanda miwili, puli..."

"Puli ile sifungui tena!"

"Bwana Waziri, si wewe uliyesema kwamba pampu ni..."

"Pampu iletwe!" akalia Waziri. "Na gurudumu liletwe! Mtu ana wazimu gani, afike huku ndani kisha atoke bila kubadilisha pampu? Semeni ni rupia ngapi, nitatoa mimi!"

Sultani akashika ndevu zake na kutazama pembeni. Pampu na gurudumu vikaletwa, rupia kumi na mbili, Waziri akalipa, akavitia. Mwinchande akavalisha mkanda mpya kwa vidole vilevile viwili, akarudi kitini. Waziri akakaza gurudumu, akarudisha vyote kwa taratibu, na alasiri ilipoadhiniwa akashusha boneti, akasema, "Imekwisha."

Sultani akampa Mwinchande rupia tatu, naye akazipokea kwa mikono miwili. "Hati yangu imetimia, Seyyid. Mkanda umebadilishwa, nami sikugusa kingine. Lakini naona kuna mtu amefanya kazi na hakutajwa katika hati. Bwana Waziri, wewe ni mjuzi wa bei. Kazi hii uliyoifanya leo ni ya kiasi gani?"

Waziri akautazama mkono wake usio na ngozi, akalitazama joho lake lililokuwa la hariri. Hakufikiri. "Kazi hii? Tangu asubuhi hata alasiri, bila ya chakula? Mgongo wangu haunyoki! Wallahi haipungui rupia mia!"

Kisha Sultani akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na walinzi wakacheka, na wenye hati za mashamba wakacheka, na Waziri akabaki na kinywa wazi, kwani ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe.

Dereva, ambaye hakucheka, akaokota kitu chini ya motokaa. "Seyyid," akasema, "hizi nati tano ni za wapi?"

Kicheko kikakatika. Sultani akazitazama nati, akamtazama Waziri. Waziri akazitazama naye, kama mtu anayeonyeshwa jamaa asiowakumbuka.

"La," akasema Sultani. "Binti yangu hapandi motokaa iliyofungwa na Waziri. Feruzi, hati imetimia, muhuri haukukatazi tena. Chukua sanduku lako, ni mali yako, nami nilikosa kukunyang'anya. Fungua upya, ukague kila kitu, ufunge. Na useme bei yako mbele ya watu hawa."

"Rupia arobaini, Seyyid, kama nilivyosema Jumatatu."

"Mwenzako ametaja mia."

"Mwenzangu ametumia siku nzima, Seyyid. Mimi nitamaliza kabla ya magharibi."

Naye akamaliza kabla ya magharibi. Dereva akawasha injini, ikanguruma kwa upole. Sultani akamhesabia Feruzi rupia arobaini kwa mkono wake mwenyewe. Mwinchande alipoulizwa anataka nini, akaomba kiti cha nyuma katika safari ya Mkambarani, kwani alisikia kwamba huko watachinjwa ng'ombe sita. Akapewa, na kanzu mpya juu yake. Waziri akadai zile rupia mia. Sultani akamwambia kazi ya vidole viwili haina bei katika Ndarakuu, akaamuru apewe mche wa sabuni.

Bibi arusi akafika salama, na arusi ikafana. Hata miezi ilipopita, dereva akaingia tena barazani akasema kwamba breki zinalia na yafaa zitazamwe. Sultani akamgeukia Waziri wake. Na Haidari bin Mshangama, kabla ya mtu kutaja bei, akavificha viganja vyake vyote viwili ndani ya joho, akasema, "Aitwe Fundi Feruzi, Seyyid. Naye alipwe kwanza, kabla hujaniambia mimi nipenyeze."