Ndezi na Ukoka wa Majirani Wasiosalimiana

Hapo zamani, zamani zile ambapo wanyama walikuwa na mageti na funguo kama sisi, Mama Pacha alichuma majani mawili ya mchaichai mlangoni pake, akayatia kwenye birika, akamwambia mumewe:

"Kesho nitapiga hodi kwa Mzee Kiboko na kwa Bi Nyati. Wakatae, wasikatae, nitapiga."

"Wale?" akasema mumewe. "Wale hawajawahi kumpa mtu kazi."

"Ndiyo maana nakwenda kesho. Leo nakunywa chai."

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Jioni homa ikamshika Mama Pacha. Siku ya tatu wakamzika.

Sasa sikilizeni, wanangu. Mumewe alikuwa Ndezi. Mnamjua ndezi? Anafanana na panya aliyenenepa, na meno yake ya mbele ni makali kama fyekeo. Kazi ya nyumba ile ilikuwa kukata ukoka, yaani yale majani ya uani. Ndezi na mkewe walikata pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule, kwiri kwiri kwiri, mpaka wakutane katikati. Lakini kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta wateja, hiyo ilikuwa kazi ya Mama Pacha peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa na mdomo. Ndezi alikuwa na meno tu.

Na msiniulize kwa nini wanyama wale hawakula tu majani ya uani kwao. Mtaa ule ulikuwa na adabu yake: uani ni pa kupokea wageni, hapaliwi. Mnyama aliyeonekana anakula uani, kwake au kwa mwenzake, alichekwa mpaka akahama.

Arobaini ilipopita, Ndezi akawazungukia wateja wao wa zamani. Wote walikuwa wamemchukua Ngiri.

"Tulidhani umeacha kazi," wakasema. "Pole sana, Baba Pacha." Kisha wakafunga mageti. Ka! Ka! Ka!

Na nyumbani pacha wake, Kurwa na Doto, wanalia. Watoto wa miezi miwili hawali muhogo, wanataka maziwa. Maziwa ambayo majirani walikuwa wakiwanunulia mpaka arobaini yalibaki nusu kibuyu, na mwenye maziwa mtaani alikuwa mmoja tu, Bi Nyati.

"Basi," Ndezi akajiambia, "zimebaki hodi mbili."

Akawaacha watoto na bibi yao, akaenda kwa Mzee Kiboko.

"Hodi," akasema. Kimya.

"Hodi." Kimya.

"Hodi." Hiyo ilikuwa ya tatu na ya mwisho, maana mtaani kule ukipiga ya nne wewe si mgeni tena, ni msumbufu.

"Huyu mbu wa leo ana huzuni!" ikanguruma sauti ndani. Dirisha likafunguka, kwaa! Kikatokea kichwa kikubwa kama pipa. "Aa! Kumbe ni wewe, Ndezi?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja... ule ukoka... kama utapenda... au basi."

"Au basi!" Kiboko akacheka, kho kho kho, mpaka birika likaanguka mezani. "Kijana, unauza kitu au unaomba msamaha? Nenda kwa huyo Nyati. Uani kwake pamekaa kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi!"

Ndezi akaenda kwa Bi Nyati. Yeye alitoka kabla ya hodi ya pili.

"Karibu, na pole na msiba. Umekuja na nini? Ukoka?" Akamtazama juu mpaka chini. Haikuwa safari ndefu. "Baba Pacha, kwako majani yamefika dirishani! Nilipita jana nikadhani nyumba imehama. Anza kwako, kisha uje kwangu."

Ndezi akatazama kwato za Bi Nyati.

"Na kama una haraka, jaribu kwa huyo Kiboko. Kule fisi anaweza kuzaa majanini, mwenye nyumba asijue mpaka watoto waanze shule!"

Maneno ya Bi Nyati yalikuwa kweli. Tangu msiba, Ndezi hakuwa amekata hata jani moja uani kwake. Katikati ya majani yale palikuwa na kijia chembamba, kutoka mlangoni hadi getini, alichokikanyaga Mama Pacha kila asubuhi akienda kupiga hodi. Ndezi aliogopa kwamba akikata majani, na kijia kitapotea. Hakumwambia mtu.

Akarudi nyumbani, akaketi karibu na shina la mchaichai. Akakumbuka siku moja alipomuuliza mkewe, "Hivi huwa unawaambia nini wale watu?" Naye akajibu, huku anajikuna sikio, "Watu hawanunui ukoka mfupi, mume wangu. Wananunua jicho la jirani."

Ndezi akaketi wima.

"Ala!" akasema.

Kesho yake, "HODI!" Kunguru waliokuwa juu ya paa la Kiboko wakaruka, paa!

"Nani huyo?" Kiboko akachungulia. "Wewe tena?"

"Shikamoo, Mzee. Siji kwako leo. Nakwenda kwa Bi Nyati, nikaona nikusalimie nikipita, maana jana alikutaja."

"Alinitaja? Yule? Tangu arusi ya Twiga hatusalimiani!"

Kweli. Kwenye arusi ile Kiboko alikikalia kiti alichowekewa Bi Nyati, kikavunjika vipande viwili, na yeye Kiboko akaendelea kula.

"Alisema nini?"

"Aa, maneno ya jirani tu, Mzee. Mimi napita."

"Hupiti! Sema!"

"Ati uani kwako fisi anaweza kuzaa."

"NINI?"

"Na wewe usijue mpaka watoto waanze shule."

Pua za Kiboko zikatoa moshi kama chungu cha maharage. "Kata! Anza leo! Kikapu cha viazi vitamu kila Ijumaa. Shika ufunguo wa geti. Asubuhi yote mimi huwa mtoni, usinisubiri."

Kwa Bi Nyati haikuchukua hata muda huo. "Kichwa cha mtu aliyeamka? Mimi? Niliyesukwa juzi?" Akapiga kwato chini, du! "Kibuyu cha maziwa kila siku, Baba Pacha, lakini akiona tu ajifiche! Ufunguo huu hapa. Uje mchana nikiwa topeni najipaka, sipendi kelele za meno."

Ndezi akasimama barabarani na funguo mbili. Akatazama uani kwa Kiboko, akatazama uani kwa Bi Nyati. Kila upande ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Hata angekuwa na mwenzake, wangekata mwezi mzima. Na yeye alikuwa na meno mawili ya mbele, na watoto wanaongoja.

Ujanja wa Mama Pacha uliishia hapo. Ukaanza wa kwake.

Asubuhi iliyofuata, Kiboko alipokwisha kwenda mtoni, Ndezi akamnong'oneza Bi Nyati getini kwake. "Unauona ufunguo huu? Wa jirani yako. Nimeuonja ukoka wake, Bi Nyati. Haujaguswa tangu mvua za vuli. Mtamu!"

Masikio ya Bi Nyati yakasimama. "Unaniambia mimi nikaibe?"

"Mimi? Sijasema neno hilo. Nimesema mtamu."

Bi Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. "Na akijua?"

"Atajuaje? Ila ule kwa adabu. Vidole vinne kutoka chini, mstari kwa mstari. Ukiacha shungi hapa na upara pale, atajua pamepita mnyama. Ukila sawasawa, atadhani nimekata mimi."

"Una akili wewe!"

"Nimefundishwa."

Basi Bi Nyati akaingia kwa Kiboko ananyata, kama mnyama wa uzito ule anaweza kunyata. Mff, mff, mff! Ndezi amekaa juu ya mtungi, anasimamia.

"Bi Nyati! Chini ya dirisha umeacha!"

"Nimeshiba."

"Haya, umeshiba. Ataliona shungi, ataniuliza, nami uongo siujui."

"Nakuja, nakuja!" Mff, mff.

"Na pale kwenye kona."

"Hata kona?"

"Wezi hushikwa kwenye kona."

Mchana Bi Nyati akaenda topeni, na Ndezi akamwendea Kiboko na ufunguo wa pili. Maneno yalikuwa yale yale. Chwaa! Chwaa! Kiboko akala uani kwa Bi Nyati huku amevuta tumbo ndani asiguse chungu cha maua.

"Mstari umepinda, Mzee!"

"Umepinda wapi?"

"Hapo. Rudia."

Akarudia.

Walimaliza kwa siku sita, kisha wakaanza upya, maana ukoka haungoji. Kiboko akirudi kutoka mtoni anakuta uani pamenyooka kama mkeka. "Ndezi, kazi safi!" Bi Nyati akirudi kutoka topeni, "Baba Pacha, mkono wako mwepesi!" Kila mmoja akalipa, na kila mmoja akaingia ndani kucheka peke yake. "Maskini Nyati, anatoa maziwa, mimi nakula bure!" "Maskini Kiboko, anatoa viazi, mimi nashiba!"

Kurwa na Doto wakaanza kunenepa.

Ikaenda hivyo mpaka siku moja jua lilipokausha tope. Bi Nyati akapiga mguu mara moja, akaona vumbi, akageuka kurudi nyumbani. Akasukuma geti.

Katikati ya ukoka wake amesimama Kiboko, mdomo umejaa.

"Mzee Kiboko!" Hayo yalikuwa maneno ya kwanza baina yao tangu arusi.

"Mm-mm," akasema Kiboko.

"Unakula uani kwangu?"

Kiboko akameza, gluu! "Nilikuwa nanusa."

"Unanusa kwa meno?"

Kiboko akatafuta pa kutazama, na jicho lake likatua kwenye pembe ya Bi Nyati. "Na hilo ua la zambarau pembeni mwa sikio lako, umelipata wapi? Mtaa mzima linaota chini ya dirisha langu tu."

Bi Nyati akaligusa ua. Wakatazamana. Kisha wakageuka pamoja.

"NDEZI!"

Ndezi alikuwa juu ya mtungi. Hatua moja ya Bi Nyati ingemfanya jamvi, na ufunguo ukichukuliwa na maziwa yamekwenda. Akashuka polepole.

"Shikamooni, wakubwa zangu."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili kwa mazoea, ndipo wakakumbuka kukasirika.

"Umetufanya mafyekeo yako!" akanguruma Kiboko.

"Mzee, ukoka ni mfupi au si mfupi?"

"Mfupi, lakini..."

"Umenyooka au una mashungi?"

"Umenyooka," akasema Kiboko, na kifua kikamtoka kidogo, kwa sababu mstari ule aliunyoosha yeye.

"Kama kuna kosa, twendeni barazani mkanishitaki. Mtaeleza wenyewe nani alionekana anakula uani kwa nani."

Kunguru mmoja juu ya paa akasema kraa.

Kiboko ndiye aliyeanza. Kho. Kisha kho kho. Kisha tumbo lote likaingia kazini. Bi Nyati akajizuia, akajizuia, akashindwa.

"Na kile kiti, Mzee, siku ile!"

"Nilikikalia nusu tu, Bi Nyati! Wallahi, nusu!"

Walipochoka kucheka, Bi Nyati akajifuta macho kwa mkia. "Niambie, Baba Pacha. Mkeo angetufanyia hivi?"

"Hapana," akasema Ndezi. "Yeye angewafanyia siku ya kwanza. Na mngemwandalia chai."



"Maziwa utapata," akasema Bi Nyati mwishowe. "Nasi tutaendelea kula, mageti yamefungwa, wewe simamia. Lakini kwako pale, mwanangu. Watu wanatuuliza fundi wetu anakaa wapi, tunaona haya kuwaonyesha."

Hadithi inatuambia hivi, wanangu: mwenye nguvu ukimwomba akusaidie kazi atakucheka, lakini akidhani anaiba ataifanya mpaka jasho limtoke.

Na Ndezi? Asubuhi yake aliamka mapema, akawanywesha Kurwa na Doto maziwa, akatoka nje. Akaanzia dirishani. Kwiri kwiri kwiri. Akakata upande wake mpaka katikati, akapumzika, kisha akazunguka akakata na upande wa pili. Shina la mchaichai akaliacha. Alipomaliza akainua kichwa, akakitafuta kile kijia, na kijia hakikuwa kimepotea. Kilikuwa pale pale, cheupe, kutoka mlangoni hadi getini, wazi kuliko kilivyokuwa wakati wa majani. Akafuta mdomo, akakifuata, akafungua geti, akaenda kupiga hodi.