Kiganja Juu ya Kifua

Ninyi mliokuja kukaa na Namkunda kwa ajili ya homa ya mwanawe, sogeeni. Ameniuliza jambo, na jibu lake ni refu kidogo.

Kulikuwa na wakati homa haikujua njia ya kitanda cha mtoto. Mtoto alizaliwa akiwa na walinzi wa mama yake ndani ya damu, akanyonya wengine katika maziwa ya kwanza, yale ya manjano, na walinzi hao walikaa naye mpaka uzeeni. Waliwajua maadui wote wa mama. Watu waliishi mlima mmoja na kunywa chemchemi moja, kwa hiyo adui wa mama ndiye aliyekuwa adui wa mtoto.

Kisha ukaja ukame, watu wakateremka tambarare. Huko walikuta homa ambayo hakuna mama aliyewahi kuiugua. Walinzi waliitazama ikiingia kama mtu wa nyumbani. Watoto wakaanza kufa.

Nakiete, mfinyanzi wa vyungu, alibakiwa na mwana mmoja, Mbazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza majina ya mbuzi. Alipoona mwili wake unachemka, alikwenda kwa Muumba.

"Mpe walinzi wake mwenyewe," alisema. "Wamjue kila adui kabla hajapiga hodi."

"Anayefundishwa kumchukia kila mgeni mwishowe humchukia mwenye nyumba."

"Baba, hayo tutayazungumza mwanangu akipona."

Simlaumu. Nani angengoja? Muumba naye hakumlaumu, alimpa. Homa ikatoka. Lakini walinzi wakaupiga vita uji wa mtama, wakapiga vita vumbi la uani, kisha wakayageukia magoti ya Mbazi na ngozi yake.

"Mama," mtoto aliuliza, "nani ananipiga?"

Nakiete alitazama nyuma ya mlango, ingawa alijua.

Alirudi kwa Muumba akiwa amembeba mgongoni. "Waondoe."

"Nikiwaondoa nitaacha nyumba tupu."

Basi Muumba akaweka kumbi nyuma ya mfupa wa kifua, mfano wa lile la jando, kibanda cha porini ambako mama haruhusiwi kufika. Kila mlinzi mchanga angeingia humo na kuonyeshwa uso wa mtoto. Ambaye angeuinulia mkuki asingetoka.

"Wengi hawatatoka," Muumba alisema. "Na watakaotoka hawatamjua adui yeyote. Kila adui watamjua kwa kupigana naye."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye uwanja."

"Mimi nitamfanyia nini?"

"Kila mama atamwazima mwanawe mchanga walinzi wake mpaka ajue kuketi. Baada ya hapo watakwisha."

Kwa Mbazi kumbi lilichelewa. Walinzi wake walikwisha kuzoea kumpiga. Alifia mgongoni njiani, na Nakiete alitembea mwendo mrefu akimsimulia habari za mbuzi kabla hajajua. Sheria ile ilianza na watoto wa wenzake.

Na tangu siku hiyo, mtoto akikaribia kutambaa huanza kuugua: mara kikohozi, mara kuhara, mara homa isiyo na jina. Kila anapopona, walinzi wake wamemjua adui mmoja zaidi, na mtoto wa namna hiyo ndiye tunayesema ana afya. Wengine hawaponi. Nimezika wawili, na sijaambiwa bado kwa nini ni hao na si wengine. Kumbi nalo hunywea kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana sisi wazee ugonjwa mpya hutuchukua upesi.

Sasa Namkunda, uliuliza kwa nini mkono wako unashuka wenyewe kwenye kifua cha mwanao. Nakiete alituachia desturi hiyo. Kiganja hakiponyi chochote. Mama haingii kumbini. Hukaa nje na kusikiliza.

Atapona? Sijui, mwanangu. Usiuondoe mkono.