Chiriku Alivyomtetea Mzee Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Sema wewe, masikio yetu yana njaa!

Alikuwepo Chiriku, ndege mdogo kama kiganja cha mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchungulia mambo na kuwapasha wanyama habari kila asubuhi. Alikuwepo pia Mzee Kiboko na ukoo wake: wenye mali, wenye mbavu, wenye usemi.

Mwaka huo mto ukakauka. Watoto wa Nungunungu wakalamba tope. Mzee Kiboko akasema, "Ni mvua tu imechelewa. Subirini." Wanyama wakasubiri. Koo zikakauka. Wakasubiri tena.

Chiriku hakusubiri. Akaruka, puru! puru! puru! akaufuata mto hadi juu. Nyuma ya matete akaona ukuta wa magogo, na nyuma ya ukuta ukoo mzima wa Kiboko unaoga, chubwi! chubwi!

"Umeona nini?" Mzee Kiboko akanguruma.

Chiriku akatupa jicho nyuma. Makinda yake matatu yalikuwa kiotani, juu ya mti wa ukingoni.

"Nimeona unachotaka nione, Mzee."

Kiboko akacheka. "Una akili. Ukinisema, naangusha mti wako pamoja na makinda. Ukinitetea, utakula mtama wangu mpaka uzeeke."

"Nitakutetea, Mzee. Ila kichwa changu kidogo, nitakosea. Nipe maneno mwenyewe."

"Sema Kiboko hajaziba mto!"

"Wakiniuliza hajauziba kwa kitu gani?"

"Kwa magogo!"

"Hajauziba wapi?"

"Nyuma ya matete, kwenye mkuyu uliopinda!"

"Na huo ukuta usiokuwepo, hauna mahali dhaifu?"

"Hauna! Hata upande wa kushoto hauna!"

"Ahsante, Mzee."

Chiriku akashuka bondeni, akaimba kwa sauti yake yote:

"Kiboko hajaziba mto, chiri!
Hajauziba kwa magogo, chiri!
Wala si nyuma ya matete, kwenye mkuyu uliopinda, chiri!
Na upande wa kushoto si dhaifu, chiri-chiri!"

Nyati akainua kichwa. "Magogo gani?"

Nungunungu akasimamisha miiba. "Matete yapi?"

Wakatazamana. Wakapanda juu wote, kishindo kwa kishindo. Nyati akaupiga ukuta pembe upande wa kushoto, ti! ti! Ukapasuka, bwaaa! Maji yakateremka yakicheka. Ukoo wa Kiboko ukabaki matumbo topeni.

"Umenisaliti!" Kiboko akafoka.

"Mzee, nimeongeza neno gani?"

Kiboko akayarudia maneno, moja moja. Hakuona lililoongezwa. Mkewe akamnong'oneza, "Baba watoto, sasa nyamaza."

Na mti? Nyati sasa hulala chini yake kila mchana. Nani auguse? Chiriku huoga na makinda yake mtoni, kisha huota jua, roho kwatu.

Basi watoto, shikeni adabu: mkubwa akikupa maneno ya kusema, mtii. Usipunguze hata moja.

Ngano yangu imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.