Fundo la Mzee Ngasa

"Paukwa!"

"Pakawa."

Walioko mlangoni sikuwasikia. Paukwa.

"Pakawa."

Sasa tuko pamoja. Watoto, kaeni mbele. Wakubwa, msiwazibe. Zamani, zamani za kale kweli, mifupa ya wanyama ilipokuwa ikiungwa kwa banzi na kamba, Nyumbu mmoja alivunjika mguu. Nasema Nyumbu wa porini, mwenye ndevu, si yule anayezaliwa na punda na farasi. Jina lake Nyamizi.

Siku mguu ulipofungwa walikuwapo hawa. Alikuwapo Mzee Ngasa, Kakakuona, mganga wa mifupa, ndiye aliyefunga. Alikuwapo Mabula, Ngiri, mchimba dawa, ndiye aliyeushika mguu usitikisike. Alikuwapo Bi. Milembe, Korongo; si Korongo Mfukoshingo, huyo ni mwingine na hakuwapo; huyu ni Korongo mweusi wa tumbo jeupe, mjuzi wa majani ya nchi za mbali. Alikuwapo Holo, Nyumbu, dada yake Nyamizi, aliyekishika kichwa cha mdogo wake huku ameyafumba macho, maana hakuweza kutazama. Na mbali kidogo, juu ya kichuguu, alikuwapo Nkwabi, Fisi. Huyo hakuitwa na mtu.

Hao ndio waliokuwapo, na hapakuwa na mwingine.

Nyamizi alikanyaga shimo la Muhanga kundi likiwa mbioni. Ulikuwa mguu wa mbele, wa kulia, chini ya goti. Mfupa ukalia ka! Kundi likapita. Vumbi likapita. Yeye akabaki chini.

Mzee Ngasa akaitwa, akaja polepole. Alikuwa ameunga mifupa tangu enzi za mababu zao. Kila mnyama alijivunia kumwona, maana Kakakuona haonekani ovyo, na anayemwona huhesabu kuwa amepata bahati. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelisema. Alipapasa mguu kwa kucha. Akapapasa tena. Akauvuta kidogo, akaweka banzi huku na huku, akazungusha kamba ya mkonge: nyonga, nyonga, nyonga. Akapiga fundo.

Ngiri alimtazama Korongo. Korongo akatazama nyasi.

"Basi, mjukuu wangu," Mzee Ngasa akasema. "Mwezi uandame mara mbili. Wa pili ukiandama, nitakuja kufungua mwenyewe, nawe utakimbia."

"Kundi nalo litahama wakati huohuo, babu. Bwawa likikauka tu, wanaondoka."

"Utakwenda nao."

Hilo ndilo neno Nyamizi alilolishika: utakwenda nao. Maana Nyumbu asiyehama na kundi hana maji, hana majani, hana wa kumlinda mgongo akilala. Nyumbu wa namna hiyo hajapata kuonekana mwaka wa pili.

Mwezi wa kwanza ukaandama. Maumivu hayakupungua. Nyamizi akitazama chini aliona kwato tatu zimeelekea mbele, na ukwato wa nne umeelekea pembeni, kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo.

Akaenda kwa Mzee Ngasa. Alikwendaje? Semeni nami. Kwatu, kwatu, kwatu, na mguu wa nne unaburutwa: shrrr.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, naomba kuuliza. Ukwato huu mbona umegeuka?"

Mzee Ngasa akainama. Aliingiza kichwa kifuani, akauvuta mkia, akajikunja: krrr. Likabaki tufe la magamba. Kakakuona akifikwa na jambo zito hufanya hivyo, ndivyo alivyoumbwa. Nyamizi alisimama mbele ya magamba yale tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

"Babu," akaita. Akangoja. "Babu."



Akaenda kwa Ngiri. Kwatu, kwatu, kwatu: shrrr. Ngiri alikuwa amepiga magoti anachimba mizizi.

"Aa, mtani wangu wa miguu mitatu na nusu," Ngiri akasema. "Leo umeniletea nini?"

"Swali, mtani. Wewe uliushika mguu siku ile. Ulikaa sawa?"

Ngiri akachimba kidogo. Akanusa mzizi. Akautupa.

"Mguu ni wako, lakini fundo ni la Mzee Ngasa. Fundo la mwenzangu silifungui."

"Sikukwambia ufungue. Nimekuuliza ulionaje."

"Mzee yule ndiye aliyenifundisha mizizi yote hii. Ukisikia Mabula ametia ila kazi yake, ujue Mabula huyo ameota pembe. Chukua huu, utafune asubuhi. Unapunguza maumivu."

Ulipunguza maumivu, ni kweli. Haukunyoosha ukwato.

Akaenda kwa Korongo. Kwatu, kwatu, kwatu: shrrr. Korongo alikuwa ukingoni mwa bwawa, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shangazi, wewe umetembea nchi nyingi. Umeona mifupa mingi. Huu unaungika vizuri?"

Bi. Milembe aliinamisha kichwa. Nyamizi aliliona jicho lake likishuka gotini, likashuka mpaka kwenye fundo, likakaa hapo kitambo. Kisha likafumbwa.

"Mwanangu, wengine tunasimama kwa mguu mmoja maisha yetu yote, na hatumsumbui mtu."

"Wewe una mabawa, shangazi."

Korongo akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Fundo la mwenzangu silifungui," akasema. "Kwetu sisi waganga ndivyo ilivyo. Leo nikilifungua la Ngasa, kesho la kwangu litafunguliwa. Ngoja nikuongezee jani juu ya kamba."

Akaongeza jani. Lilikuwa jani zuri, pana, la nchi ya mbali. Nyamizi akashukuru, akaondoka nalo.

Njia ya kurudi ilipita penye kichuguu. Juu yake alikuwapo Fisi.

"Dada, mguu umepinda," Fisi akasema.

"Mimi si dada yako."

"Sawa. Umepinda hata hivyo. Ncha moja ya mfupa imelala juu ya nyingine. Niliona siku ile, na leo naona. Lakini mfupa bado mbichi. Uvunjwe upya, unyooshwe, ufungwe na mwenye macho, utapona. Una siku saba. Zikipita saba, umekuwa jiwe."

"Wewe umejulia wapi mambo ya mifupa?"

"Unamwuliza Fisi alikojulia mifupa?"

Nyamizi karibu acheke. Hakucheka.

"Unataka nivunjwe tena, nilale chini, uje unile."

"Njaa ninayo, sikatai. Na mguu umepinda. Hayo ni mambo mawili."

Alimwacha pale. Lakini neno la Fisi halikubaki pale. Lilimfuata nyuma mpaka nyumbani. Akamweleza dada yake.

Holo alisikiliza mpaka mwisho. "Waganga watatu, Nyamizi," akasema. "Watatu umewauliza. Lingekuwapo baya wangesema. Sasa umwache Mzee Ngasa umfuate Nkwabi? Watatucheka mpaka ng'ambo ya mto."

"Hawakusema ni baya. Hawakusema ni jema pia."

"Mtu mzima hasemi kila kitu."

Siku ya tatu Nyamizi alirudi kwa Ngiri. "Mtani, Fisi amesema mguu umepinda. Niambie ni mwongo, nikalale."

Ngiri akacheka mpaka meno yake yakagongana. "Tangu lini Fisi akamwombea mgonjwa apone?"

Nyamizi naye akacheka, kwa sababu alitaka sana kucheka. Baadaye, njiani, alikumbuka kwamba Ngiri hakuutazama mguu hata mara moja. Wala hakusema ni mwongo.

Siku ya tano alikwenda bwawani. Korongo alimwona akija kwa mbali, akaruka.

Siku ya sita aliinama mwenyewe. Alishusha kichwa mpaka kwenye kamba, akaushika uzi mmoja kwa meno. Uzi ulikuwa tayari kukatika. Akamfikiria Mzee Ngasa akipapasa na kukuta kamba imetafunwa. Akaona haya. Akauacha uzi.

Siku ya saba ikapita.

Mwezi wa pili ukaandama. Bwawa likawa tope, tope likawa vigae. Kundi likaacha kula, likasimama likiuelekea upepo. Mzee Ngasa akaja kufungua. Wakaja na wale wengine, kila mmoja akasimama mahali pake pa siku ile. Kamba ikazunguka kinyume: nyongoa, nyongoa, nyongoa. Banzi zikaanguka.

"Simama, mjukuu wangu."

Akasimama.

"Tembea."

Kwatu, kwatu, kwatu, pu! Akaanguka. Akainuka. Kwatu, kwatu, kwatu, pu. Mguu ule ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na umepinda kama mundu.

Mzee Ngasa akapapasa. Kucha zikateremka, zikateremka, zikafika mahali zikasimama.  Akajikunja: krrr.

"Mimi niliona tangu siku ile," Ngiri akasema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi," Korongo akasema.

Holo akawageukia. "Mliona. Mbona hamkusema?"

"Fundo halikuwa letu."

"Na mguu ulikuwa wa nani?"



"Basi uvunjeni upya," Nyamizi akasema. "Uvunjeni sasa hivi. Nitavumilia."

Ngiri alitikisa kichwa. "Umekuwa jiwe," akasema.

Kesho yake kundi likahama. Kwatukwatukwatukwatu, nchi nzima inatetemeka. Nyamizi alikwenda nalo mpaka penye mti wa kwanza wa mgunga. Hapo akaanguka, na hakuinuka. Holo akabaki naye siku ile.

"Nenda," Nyamizi akamwambia.

"Siendi."

"Nenda, Holo. Tukibaki wawili, Simba atashukuru mara mbili."

"Nitarudi mvua zikirudi."

"Ndiyo. Rudi mvua zikirudi."

Wote wawili walijua wanachoambiana. Holo akaenda. Aligeuka nyuma mara tatu, kisha hakugeuka tena.

Fisi akaja, akaketi hatua kumi hivi. Hakusogea karibu zaidi.

"Umewahi," Nyamizi akasema.

"Nimekuja kukaa tu."

"Nkwabi, nikuulize. Waliokuwa wakinipenda walinyamaza. Wewe ndiye uliyesema. Kwa nini ulisema?"

Fisi alikuna shingo. Aliwaza kweli.

"Nilijua hutanisadiki," akasema. "Kweli ya namna hiyo haimgharimu msemaji kitu."

Nyamizi alitazama upande kundi lilikoelekea, mpaka vumbi likatua.

Wanangu, na ninyi wakubwa, funzo lake nalisema wazi. Ajuaye kwamba kazi ya mwenziwe ina kosa, akanyamaza kwa kumstahi, heshima yake hulipwa na mgonjwa. Nawe unayeumwa, ukiuliza usikubali kujibiwa kwa jani. Uliza mpaka uambiwe, na jibu ulipime kwa mguu wako, usilipime kwa mdomo uliolitoa.

Ngano yangu naitua hapa, sina mbele ya kuipeleka. Nyamizi alikufa siku ya tatu, kabla ya adhuhuri.