Pingili za Mzee Bulugu

Ugonjwa wa batobato ulipoimaliza mihogo ya kijiji, wataalamu walimletea Mzee Bulugu pingili za mbegu mpya awagawie wenzake. Yeye akazirundika uani kwake, akaweka kiti kando yake, akalinda.

"Hapati mtu hata moja kwa mkono huu," alimwambia Nyamizi, mjane mwenye ulimi unaowasha kama upupu.

"Sawa, Baba," Nyamizi akajibu, akaenda zake.

Kesho yake alirudi, akasimama nje ya ua na kapu lake. "Mzee Bulugu, hilo tumbo unajifungua lini?"

Bulugu akamrushia alichokishika kwanza. Nyamizi akakwepa.

Siku ya pili aliulizia viraka vya suruali yake. Ya tatu aliigiza mwendo wake wa bata. Akaendelea hivyo wiki mbili, na Bulugu akarusha mpaka bega likamvimba.

Mvua zilipokolea, Bulugu alikuta mihogo mipya imeota kila shamba.

"Nani kawapa mbegu yangu?"

"Wewe, kwa mkono huohuo," Nyamizi alisema, akipapasa nundu kichwani. "Kila pingili uliyonirushia tuliipanda, Baba. Ungekuwa na shabaha, kijiji kingelala njaa."