Pikipiki ya Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, palikuwa na mama lishe mmoja pale Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, jina lake Sekela. Banda lake lilikuwa kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Miaka kumi na tisa Sekela alipika wali, maharage na ndizi, na miaka kumi na tisa madereva walikula na kusimulia. Huyu alisema Mpika kuna baridi ya kuuma masikio. Yule alisema ukiipita Serenje unaendesha mpaka unasahau ulikotoka. Na wote waliofika Livingstone walisema jambo moja: yale maporomoko ya Mosi-oa-Tunya unayasikia kabla hujayaona, na unalowa kabla hujayafikia.

Sekela alisikiliza. Mkono ukiachana na mwiko, ulishika kalamu. Aliandika kwenye daftari kituo kipi huishiwa mafuta, nyumba ipi ya wageni mwanamke hulala bila wasiwasi, kipande kipi cha barabara kina mashimo. Hakujua anaandika kwa ajili ya nini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka. Lori likiondoka, alisimama na sahani mkononi akilitazama mpaka lipotee, kisha akarudi kuosha vyombo.

Basi, mjini palikuwa na kundi la watu sita waliopenda pikipiki kubwa, kiongozi wao Mwalimu Kibona. Walitaka kwenda mpaka Mosi-oa-Tunya kwa pikipiki. Walipanga, wakapangua. Walipanga tena, wakapangua tena, maana hakuna aliyeijua njia. Siku moja walisimama kwa Sekela kula, wakatandaza ramani katikati ya sahani na kuanza kubishana. Sekela alikuwa anapakua mboga.

"Hapo mnapotaka kulala siku ya pili hamtafika na mwanga," alisema. "Laleni nyuma yake kidogo. Kuna kanisa wanapokea wageni."

Wakamtazama. "Umewahi kufika huko, dada?" Mwalimu aliuliza.

"Sijafika. Nimewalisha wanaofika."

Tangu siku ile, kila Jumamosi walikaa kwake. Sekela alifungua daftari, wao wakaandika. Yeye ndiye aliyesema wasiende Februari kwa sababu ya mvua, waende Mei, mvua zimekatika na maporomoko yamejaa. Yeye ndiye aliyewapigia simu madereva kuuliza habari za barabara, na wenye nyumba za wageni kuomba vyumba. Mwaka mzima. Na Mwalimu alipoona jinsi anavyozitazama zile pikipiki, alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule. Alianguka mara tatu. Mara ya nne hakuanguka. Akawa anaendesha vizuri, ila pikipiki hakuwa nayo.

Sasa sikilizeni habari ya pikipiki ya saba. Ilikuwa ya Lwitiko, mwenzao aliyeianzisha safari ile kwa maneno kabla mwingine yeyote hajaiwaza. Lwitiko aliugua, akafa. Alipokuwa kitandani alimshika mdogo wake, Gwakisa, akamwambia, "Ifikishe." Hakuongeza neno. Gwakisa alirithi pikipiki, na wanunuzi wakaja, mmoja baada ya mwingine. Wote aliwarudisha, ingawa nyumba yake mwenyewe ilikuwa nusu ukuta. Baada ya miaka miwili aliisukuma kwa mkono hadi kwa Mwalimu. "Ichukueni," alisema. "Iende."

Lakini ilikuwa imekufa. Kutu ilikuwa imeishika injini, nyaya zilikuwa zimeliwa na panya. Fundi Ambilikile, aliyewatengenezea pikipiki zao zote, akaichukua. Miezi mitano, kila alipofunga kazi za wateja, aliinama juu yake. Kifaa kilichokosekana madukani alikichonga kwa tupa. Siku pikipiki ilipowaka, Gwakisa alikwenda kusimama nyuma ya karakana peke yake.

Ikawa tayari. Ndipo shida ilipoanza.

Kiti cha nyuma cha kila pikipiki kilikuwa cha madumu ya mafuta na mizigo, hivyo mtu wa pili hakuwa na pa kukaa. Pikipiki ya saba ilimtaka mtu mmoja, na jina lake lilitakiwa liandikwe kwenye karatasi za mpakani kabla ya Jumatatu. Kungoja mwaka mwingine haikuwezekana, kwa kuwa Mwalimu alikuwa anastaafu na kurudi kwao, na wawili wengine walikuwa wamehamishwa kikazi. Safari ilikuwa hiyo moja. Jumamosi, baada ya chakula, Mwalimu aliwaita wote, pamoja na Gwakisa, Ambilikile na Sekela, watatu waliojua kuendesha na kuitaka nafasi hiyo.

Gwakisa alisema, "Bila mimi pikipiki hii ingekuwa imeuzwa zamani. Marehemu aliniambia niifikishe. Nikibaki nyumbani nitamwambia nini?"

"Alisema ifike," Ambilikile alijibu taratibu. "Hakusema na nani."

"Aliniambia mimi. Hakukuambia wewe, fundi."

Ambilikile alizitazama kucha zake nyeusi za oili. "Bila mimi mngekuwa na chuma tu. Halafu nisikilizeni. Miaka kumi na tano natengeneza pikipiki za watu wanaosafiri. Kila moja naijaribu mpaka pale mzani wa malori, halafu nageuza. Hata hii nimeijaribu mpaka mzani, nikageuza. Sijawahi kuendesha pikipiki bila kugeuza. Na ikiharibika porini, nani ataigusa?"

Wakamgeukia Sekela. Mmoja wa wale waendeshaji, bila ubaya, alisema, "Dada, wewe daftari umeshatupa. Njia tutaiona hata ukiwa hapa."

Sekela alikunja kitambaa cha kufutia meza. Akakikunjua. Akakikunja tena.

"Ni kweli," alisema. "Mtaiona. Wote huwa wanaiona. Bila mimi mngekuwa bado mnabishana juu ya ramani, lakini sisemi hivyo kuwadai. Mimi naijua barabara ile kuliko barabara ya kwetu, na sijakanyaga hata hatua yake moja. Nataka nikaone kama niliyoyaandika ni kweli. Basi."

Gwakisa aliinamisha kichwa. Ambilikile alirudi kuzitazama kucha zake. Sekela aliwatazama wote wawili, akaona kwamba wana haki. Alimwona Gwakisa akirudi kwenye nyumba ya nusu ukuta na neno la kaka yake halijatimia. Alimwona fundi akigeuza pale mzani kwa miaka mingine kumi na tano. Akataka kusema, mpeni mmojawapo, mimi nimezoea. Lakini ungekuwa uongo, kwa sababu hakuwa amezoea. Hakuwa amezoea hata siku moja.

Mwalimu aliwageukia wale wenzake watano. Kila mmoja wao alikuwa amekula chakula cha Sekela, amesimama na Gwakisa kwenye mazishi ya Lwitiko, ametengenezewa pikipiki na Ambilikile. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Basi Mwalimu akaivuta karatasi karibu, akajaza namba ya pikipiki, akajaza tarehe, akafika mahali pa jina la mwendeshaji. Kalamu ikasimama.

Nami nasimama hapo, ndugu zangu, kalamu nawaachia nyinyi. Gwakisa aliitoa, Ambilikile aliifufua, Sekela aliipa mahali pa kwenda. Je, mngeandika jina la nani?